Rangi ya Mtandio

Haya yalimpata rafiki yangu, mpiga picha aliyefiwa na mkewe akabaki na feni tu ya kumnong'oneza. Shemeji yake alitaka picha ya marehemu ya ukutani, yote nyeusi na nyeupe, mtandio peke yake uwe na rangi.

"Ulikuwa rangi gani, shemeji?" rafiki yangu alimuuliza kwenye simu.

"Makubwa! Mke wako, unaniuliza mimi?"

Aliona haya. Alikuwa amesahau, Mungu amsamehe.

Picha ilipigwa zamani kwa filamu isiyo na rangi, kwa hiyo ilibidi aiingize kwenye kompyuta na kuupaka mtandio rangi. Lakini kwa mazoea akashika kifutio cha kompyuta, kile anachoondolea tabaka la nyeusi na nyeupe kwenye picha za rangi za wateja ili rangi ya chini itokeze. Akasugua mtandio. Ukatoka wa kijani, ule ule.

Machozi yakamtoka. Akasugua uso wa mkewe, ukabaki kijivu. Feni ikasimama yenyewe. Katika kimya kile akaendelea kusugua kote, akimtafuta, mpaka kwenye dirisha lenye giza nyuma ya marehemu.

Pale pakatokeza kifua cha mtu aliyevaa shati la njano lisilo na kifungo cha juu.

Rafiki yangu akajishika shingoni. Shati lilikuwa lile alilokuwa amelivaa pale kwenye kompyuta, na kifungo kilikatika asubuhi ya siku hiyo.