Nta na Sumu ya Nyuki

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, baba alivaa ovaroli yake nyeupe, akafunika uso kwa wavu, akaenda kwenye mizinga nyuma ya nyumba. Binti yake wa miaka kumi na miwili alimfuata na kopo la moshi wa kutulizia nyuki. Vidole vya msichana huyo vilinukia nta siku zote, hata darasani, ndiyo maana watu walimwita Nta, na jina likamganda.

Sasa kopo la moshi alilibeba baba mwenyewe. Nta alibaki jikoni, akibandika lebo kwenye chupa za asali huku dirisha limefungwa.

Wiki tatu nyuma, nyuki mmoja alimuuma shingoni. Mmoja tu! Zamani aliwahi kuumwa, akavimba kidogo, yakaisha. Safari hii midomo ilivimba, mwili ukajaa vipele, na pumzi zikambana kana kwamba amefungwa kamba kifuani. Baba aliwasha pikipiki, mama akampakata kwa nyuma, wakafika hospitali Nta ameshalegea. Aliponea chupuchupu.

Daktari alisema ana mzio mkali wa sumu ya nyuki. Aliwapa sindano ya dharura ya kutembea nayo, kisha akapendekeza jambo lililowaacha midomo wazi: Nta adungwe sindano zenye sumu hiyohiyo ya nyuki, kidogo kidogo, mpaka mwili wake uizoee.

"Kazungumzeni nyumbani," alisema. "Na mtoto mwenyewe asikilizwe."

Wakazungumza. Tatizo ni kwamba kila mtu alizungumza.

"Kaka, una akili timamu kweli?" shangazi alimwuliza baba. "Mtoto amenusurika na sumu, wewe unataka kumwongezea nyingine?"

Mama alisema wasubiri kwanza. Wasubiri nini, hakusema. Baba mdogo, ambaye naye alifuga nyuki, alicheka.

"Mimi nimeumwa mpaka sikumbuki mara ngapi. Mwili unazoea! Aumwe kidogo hapahapa nyumbani, mambo yaishe. Si ndiyo hayohayo anayosema daktari?"

Shuleni, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja alimsikiliza, akashika tama. "Wakikudunga sumu ya nyuki, utaanza kuvuma darasani. Mwalimu atakutuliza kwa moshi!"

Nta alicheka, lakini katikati ya kicheko machozi yakamlengalenga. Kichwa chake kilikuwa kama redio iliyoshika stesheni nne kwa mpigo. Kila mmoja aliyezungumza alionekana kuwa na haki, mpaka mwingine afungue kinywa.

Jumapili mchana nyuki aliingia jikoni kwa mlango uliokuwa wazi, akatua kwenye kioo cha dirisha. Nta alimfunika haraka kwa glasi. Nyuki akawa anazunguka ndani, akivuma. Nta alimtazama, na wazo likamjia. Kama maneno ya baba mdogo na ya daktari ni mamoja, kwa nini asimalize jambo hili mwenyewe? Kidole kimoja tu. Hakuna hospitali, hakuna sindano, hakuna ubishi tena.

Alianza kuinua ukingo wa glasi.

"Nta! Unafanya nini?" Mama alikuwa mlangoni.

"Nam..." Alitaka kusema, namtoa nje. Uongo ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama mama, akashindwa. "Nilitaka aniume, mama. Ili nizoee."

Mama aliishika glasi, akamsogeza mwanawe mbali na dirisha, akapitisha kadi kati ya glasi na kioo, akamtoa nyuki nje. Kisha akaketi kwenye kigoda. Nta alingoja kugombezwa.

"Kesho tunakwenda kwa daktari," mama alisema hatimaye. "Andika maswali yako yote. Utauliza wewe."

Kesho yake, mama alipokwisha kumweleza daktari yaliyotokea jikoni, Nta alifungua daftari. Akasoma swali la kwanza.

"Baba mdogo anasema niumwe nyumbani nizoee. Wewe unasema nidungwe hapa nizoee. Tofauti iko wapi?"

Daktari hakucheka. "Nyuki hana kipimo, mwanangu. Mimi naanza na kiasi kidogo mno, na siongezi mpaka nione mwili wako umekubali. Kila ukidungwa utakaa hapa nusu saa, muuguzi anakuangalia, dawa ya dharura iko mezani. Jikoni kwenu kulikuwa na nini?"

"Glasi," Nta alijibu kwa sauti ndogo.

"Itachukua muda gani?" aliendelea.

"Kila wiki kwa miezi kadhaa, halafu mara moja kwa mwezi. Jumla miaka mitatu, au hata mitano."

"Mitano! Nitakuwa mtu mzima!"

"Karibu," daktari alitabasamu.

"Na nitapona kabisa?"

"Wengi hupata kinga nzuri. Siwezi kukuahidi kwamba utakuwa miongoni mwao. Mkono utawasha na kuvimba. Mara chache huja shida kubwa zaidi, na ndiyo sababu ya ile nusu saa. Ukikataa sitakulazimisha, ila itabidi ujihadhari sana, na dawa isikose mfukoni."

Baba, aliyekaa kando ya mama, alisogeza kiti mbele. "Mizinga nitaihamishia shambani kwa mdogo wangu, uchague hili au lile. Usidungwe kwa ajili ya mizinga yangu."

Nta aliinamisha kichwa. Kama baba angeikosa mizinga kwa sababu yake, hilo ndilo swali ambalo hakuthubutu kuliandika. Alifunga daftari.

"Basi nitadungwa kwa ajili yangu. Lakini bado naogopa."

"Ogopa tu," daktari alisema. "Ukiogopa, utatuambia mapema ukijisikia vibaya."

Wiki iliyofuata alidungwa sindano ya kwanza. Mkono uliwasha, ukavimba kama kifungo cha shati. Yeye na wazazi wake wakakaa kwenye benchi, macho kwenye saa ya ukutani.

"Sijui kama nimechagua sawa," Nta alinong'ona.

"Hata sisi tulichanganyikiwa, mwanangu," mama alimjibu. "Kuchanganyikiwa si kosa. Kosa ni kujitia hatarini peke yako kwa sababu umeona haya kuuliza. Sote tulikupa majibu, na sote tulikupenda, lakini aliyeijua kazi hii ni mmoja. Na siku ile jikoni ungenidanganya, nisingejua kwamba unahitaji msaada."

Nusu saa ilipotimia, muuguzi aliukagua mkono, akampima pumzi, akaandika kwenye kadi.

"Uko salama. Tukuone tena wiki ijayo?"

Baba alimtazama mama. Kisha wote wawili wakamgeukia Nta, wakangoja.

"Wiki ijayo," alisema Nta.