Ukuta Kati ya Kitanda na Cherehani

Mume alirudi kutoka kazini wakati watu wengine wanakwenda. Alikuwa mwokaji mikate. Usiku kucha alikanda unga na kuoka, na asubuhi alifika nyumbani na unga kwenye nyusi. Alikunywa chai, akaoga, akajitupa kitandani.

Hapo ndipo mke wake alipoanza kazi yake. Yeye alikuwa fundi wa nguo, na mtaani walimwita Mama Sindano. Alikuwa na vyerehani vitatu na wasaidizi wawili, na sare za watoto wengi wa shule zilitoka mikononi mwake. Nyumba yao ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili tu, na vyerehani vilikaa upande wa pili wa ukuta mwembamba, karibu na kichwa cha mumewe. Vilipoanza kunguruma, usingizi wake uliruka.

Alijifunika mto. Aliziba masikio kwa pamba. Mke naye alijaribu kushona jioni, lakini wateja walikuja mchana. Hakuna aliyekuwa na kosa, ila walianza kununiana. Mama mzazi wa mume, aliyeishi nao na kutembea kwa mkongojo, alijikuta katikati kama mwamuzi wa mpira asiye na filimbi.

Asubuhi moja mume alirudi mkono umefungwa bandeji. Alikuwa amesinzia wima mbele ya tanuri.

"Nimeangukia pembeni," alimwambia mkewe. "Ningeangukia mbele, sasa hivi mngekuwa mnanilia."

 Siku ile mke hakugusa cherehani hata kimoja. Lakini wote wawili walijua kwamba hawawezi kuishi hivyo. Mkono mmoja ungepona, mdomo haungeacha kula.

Walikuwa na kiwanja kidogo pembeni mwa mji, na akiba waliyoiweka kwa miaka. Wakaamua kujenga. Mke alisema amwulize mteja wake mmoja, msanifu majengo, yaani mtu aliyesomea kubuni nyumba na kuchora ramani zake. Mume alikataa. Alidhani wasanifu ni wa wenye maghorofa. Mke akamjibu kwamba mteja huyo ana ofisi ndogo, na nyumba anazochora ni za watu kama wao. Mume akanyamaza, na mke akachukua kimya hicho kuwa ndiyo.

Walikwenda wote watatu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la viatu. Walifanya kazi watu wawili tu, msanifu na mwenzake mchoraji. Kwenye rafu kulikuwa na vinyumba vidogo vya kadi, na mama wa mume aliviangalia kama mtoto.

Mume alitoa simu. Akaonyesha picha ya nyumba ya ghorofa yenye nguzo nne mbele.

"Tunataka hii hii, dada."

Msanifu aliitazama kwa muda. Akasema ni nzuri. Kisha akauliza, "Siku yenu inaanza saa ngapi?"

"Siku ipi?" mume alisema. "Yangu inaanza yao ikiisha."

Msanifu aliweka kalamu chini. "Basi hilo picha hailijui," alisema. "Nieleze vizuri."

Wakamweleza. Aliuliza nani analala lini, wateja wanapita wapi, mama anatembea vipi kwenda chooni. Mke alisimulia habari ya tanuri. Mama wa mume alisema yeye ngazi haziwezi, wakijenga ghorofa itabidi wampandishe kwa kamba. Mwishowe msanifu aliwataka waseme uwezo wao bila kuficha, ili asiwachoree nyumba watakayoshindwa kuiezeka. Walimwambia ukweli. Hakuushangaa.

Baadaye alifika kiwanjani asubuhi, na tena alasiri. Aliangalia jua linapiga wapi, maji ya mvua yanaelekea wapi, na kelele za barabarani zinafika mpaka wapi. Ndipo akachora ramani ya kwanza.

Mume aliigeuza huku na huku. "Sitaki kukudanganya," alisema. "Mimi naona mistari tu."

Msanifu alifurahi kuambiwa hivyo. Alisema wengi hutikisa kichwa kukubali, kisha huja kulia nyumba imesimama. Akawaita kiwanjani. Yeye na mchoraji walichomeka vigingi, wakafunga kamba, wakamwaga chokaa chini. Ramani nzima ikalala ardhini kwa ukubwa wake wa kweli.

"Haya, hamieni," msanifu alisema.

Mama alikaa kwenye kiti ndani ya "chumba" chake, kisha akatembea mpaka "chooni". Akapumzika njiani. Akasema ni mbali. Mume alitandika mkeka katika chumba cha kulala, akalala, akafumba macho. Pikipiki tatu zikapita barabarani. Akainuka kitako na kusema hapa hapana usingizi.

Mke aliogopa kwamba msanifu atakasirika. Kumbe wapi. Alikuwa ameanza kung'oa vigingi.

"Leo kusogeza ukuta ni kung'oa kigingi," alisema. "Ukishajengwa, ni nyundo na vumbi."

Ramani ya pili iligeuza nyumba. Chumba cha kushonea kilikuja barabarani, na mlango wake wenyewe wa wateja. Chumba cha kulala kilienda nyuma. Choo kilihamia jirani na chumba cha mama. Na kati ya kitanda na vyerehani msanifu aliweka stoo ya vitambaa, yenye mlango upande wa kushonea na rafu mpaka juu. Alieleza kwamba vitambaa vingi hunyonya sauti. Kuta za stoo zingepanda mpaka kwenye paa, ili sauti isiruke juu ya dari.

Mhandisi alikagua uimara wa nyumba kwenye ramani. Kibali cha ujenzi kikatoka. Fundi mkuu akaanza msingi, na msanifu akawa anapita kila hatua.

Nyumba ilipoezekwa, mume alipata wazo. Alitaka mlango wa mkato, kutoka chumbani kupitia stoo mpaka kwa mkewe, asizunguke nje kumpelekea chai. Fundi mkuu alimshauri amwulize kwanza aliyechora. Mume hakusubiri. Alichukua nyundo, akaanza kutoboa ukuta wa stoo mwenyewe.

Msanifu alipofika alikuta tundu la kupita mtu. Hakufoka. Alimwomba mke awashe redio upande wa kushonea, akampeleka mume chumbani. Mume alisikia taarifa ya habari neno kwa neno. Kisha msanifu akaomba tundu lizibwe kwa muda kwa mbao na marobota ya vitambaa. Sauti ikawa kama mtu anayenong'ona akiwa mbali.

"Sauti ni kama maji," msanifu alisema. "Ikipata tundu, inapita."

Mume alitazama nyundo yake. "Zibeni," alimwambia fundi mkuu. "Na hiyo nyundo msinipe tena."

Walihamia kabla shule hazijafunguliwa, msimu wa kazi nyingi kuliko yote. Siku ya kwanza mume alirudi asubuhi, akalala. Mke aliwasha vyerehani vyote vitatu, roho juu. Akasubiri mlango ugongwe kwa hasira. Haukugongwa. Adhuhuri mama alikwenda na mkongojo wake kuchungulia, akarudi akisema mwanawe anakoroma.

Alasiri mume alitoka nje, uso umevimba kwa usingizi, macho maangavu. Akazunguka mpaka kwa mkewe, akafungua mlango, na ngurumo ikamkaribisha.

"Ndiyo kwanza mnaanza?" aliuliza.

Mke alimwonyesha sare zilizokunjwa, marundo mpaka kifuani. "Tangu ulipolala."

Mume alicheka mpaka akashika ukuta. Mke naye akazima cherehani, akacheka, na wasaidizi wakacheka bila kujua wanacheka nini. Walikuwa hawajacheka pamoja siku nyingi.

Siku hizi majirani wanaotaka kujenga huelekezwa kwa mwokaji mikate. Naye huwaonyesha nyumba, chumba kwa chumba. Huwaambia wakienda kwa msanifu wasianze na picha, waanze na siku yao. Waseme ukweli, waulize wasichokielewa, na kabla ya kubadili ukuta wampigie simu aliyeuchora.

Ila huwaambia hayo jioni tu. Mchana amelala.