Bibi Harusi wa Rubondo na Nafasi ya Baba

Wengine husimulia ya jirani wa jirani. Mimi nasimulia ya Benitha, binti wa kaka yangu, niliyemlea mwenyewe hapa Rubondo, kambini kwetu wakimbizi, na atakayebisha aje aniulize nyumbani, mimi Nyiramana. Ilikuwa mwaka jana, 2014, siku ya kawaida kabisa. Nilikuwa nimekaa uani nikichambua maharagwe, foleni ya kisima imeshapungua, Benitha akarudi kutoka kibanda cha video amebeba simu yake viganjani utadhani amebeba yai. Akasema wamemchagua.

Waliomchagua ni watu wa kipindi kimoja cha televisheni kule Mbarara, kilichoitwa Malkia wa Siku. Kama hukuwahi kukiona, hujakosa kitu. Kila wiki walimchukua msichana anayekaribia kuolewa, wakamfuata na kamera huku akisumbua watu: keki hii fupi, maua haya yamelala, wasimamizi hawa wanene. Aliyesumbua kuliko wote ndiye aliyependwa na watazamaji, na kipindi kilimfanyia harusi nzima. Watu wa Rubondo, wanaokula uji wa mgao, walijazana kwenye kibanda cha video kubishana juu ya rangi ya vitambaa vya meza. Niliwaona wajinga wakati ule, na bado nawaona hivyo.

Benitha hakuwa msumbufu. Alikuwa msichana wa kwaya, mpole, mchumba wa Byiringiro, kijana mfugaji asemaye maneno matano kwa siku. Wiki mbili za kamera zilitosha kumtapisha adabu yote niliyomlisha tangu utotoni. Kwa fundi wa nguo mjini Mbarara alilitupa gauni sakafuni. Kwa mwokaji wa keki alionja, akatema. Kila akimaliza aligeuka kumtazama Jamirah, mtangazaji, aone kama amefanya vizuri. Huyo Jamirah alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

"Ongeza, nyabo," alikuwa akimwambia. "Hiyo bado iko kidogo."

Asubuhi moja tulikuwa kwenye ukumbi huko Kakiika, viti vya plastiki vikivishwa mashuka meupe ili visijulikane kuwa ni vya plastiki. Jamirah alimweleza Benitha kwamba bibi harusi wa wiki iliyopita aliomba farasi mweupe. Farasi hakupatikana, basi wakaleta ng'ombe kutoka Bwizibwera, wakampaka unga. Watazamaji walifurahi mno. Sasa Benitha alitakiwa kumshinda yule.

"Wewe omba kitu ngumu," Jamirah alisema. "Kitu yenye haiwezekani kabisa. Watu wataona, watalia."

Benitha alifikiri. Alinitazama, kisha akaacha kunitazama. Akaielekea kamera.

"Ninataka baba yangu anipeleke mu kanisa," alisema. "Hapana mutu mwingine. Yeye mwenyewe."

Baba yake, kaka yangu Kabanda, alibaki njiani mwaka 1996, tulipokuwa tukishuka kukimbia kutoka milima ya Kivu Kusini. Benitha alikuwa na miaka miwili, yuko mgongoni kwangu. Kabanda hakuzikwa, kaburi hana. Jamirah alipoelezwa hayo aliweka mkono kifuani, akamuuliza Nasif, mpiga picha wake, kama amerekodi. Alipohakikishiwa kuwa amerekodi, ndipo akalia.

Nilimvuta Benitha pembeni.

"Mutu asiyezikwa, hapana kumuita ku karamu," nilimnong'oneza. "Kwetu hatufanyaka vile."

"Tante, ni televizio tu," akanijibu mimi shangazi yake.

Ilikuwa imepangwa kwamba ndugu yetu mdogo Gatete ndiye atakayemtembeza Benitha kanisani. Kwetu mchungaji huuliza, "Nani anamtoa binti huyu?" Mwenye haki akishajibu, mkono wa binti huwekwa katika mkono wa mume. Bila jibu hilo hakuna ndoa. Jamirah akaja na wazo lake. Gatete akae kwenye benchi, ajibu akiwa pale pale. Benitha atembee peke yake, mkono wake umepinda hewani kana kwamba ameshika mtu, na nafasi ya baba iachwe wazi ubavuni mwake. Picha itapendeza, alisema. Gatete, mzee wa kanisa mwenye akili zake timamu, alikubali kwa sababu alipewa suti. Na mimi, mwenye ulimi kwa kila mtu, nilinyamaza.

Alhamisi Benitha alifanya mazoezi uani. Alitoka jikoni hadi mlangoni, mkono umepinda, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu mbuzi wa jirani walikuwa wamejaa njiani. Wakampisha, nusu huku, nusu kule. Nafasi waliyoiacha ilitosha watu wawili.

Benitha hakuona kitu. Nilimwambia inatosha, aingie ndani ale.

Jumamosi, saa tano asubuhi, kanisa la mabati lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Nusu ya watu walifuata kamera tu, na mafuta waliyojipaka usoni yalikuwa yakiyeyuka kwa joto. Kwaya ikaanza. Benitha akaingia.

Alitembea vizuri hatua nne au tano. Kisha mwendo ukabadilika. Hatua, akasimama. Hatua, akasimama. Watu walidhani anaringa kwa ajili ya televisheni, wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Kabanda alivimba mguu wa kushoto tukiwa safarini, na ndivyo alivyotembea siku za mwisho nilizomwona. Benitha alikuwa mtoto wa mgongoni. Hakuna aliyewahi kumwonyesha mwendo ule.

Akafika mbele. Glavu yake nyeupe ilikuwa imekunjamana. Vidole vilikuwa vimebanwa. Sikuona kilichovibana.

Mchungaji Laurent akauliza, "Nani anamtoa binti huyu?"

"Ni miye, baba yake mudogo," Gatete akajibu, amesimama ndani ya suti yake.

Byiringiro akanyoosha mkono. Benitha hakumpa wake. Nilimwona akijaribu. Bega lilisogea. Kiwiko kilisogea. Kiganja hakikusogea.

Akanigeukia. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Tante," alinong'ona. "Anakatala kuniachilia."

Mchungaji akauliza mara ya pili. Gatete akajibu tena, sauti imepungua. Byiringiro akamshika Benitha kiunoni, akamvuta taratibu kwake. Benitha akavutwa upande wa pili. Viatu vyake viliburuta sakafuni, shubiri nzima. Byiringiro akaachia. Kwaya ikanyamaza, sauti moja baada ya nyingine, na katika ule ukimya nikamsikia Jamirah nyuma ya benchi langu.

"Nasif, usizime," alikuwa akinong'ona. "Endelea tu."

Mchungaji Laurent hakuuliza mara ya tatu. Alifunga Biblia, akasema turudi nyumbani tukaombe. Benitha alipoipa madhabahu mgongo, akaweza kutembea. Hatua, akasimama. Hatua, akasimama. Hivyo hivyo hadi mlangoni.

Tulijaribu tena nyumbani, bila kamera, mchana kweupe, na mchungaji na wazee wanne. Kila Byiringiro alipovuka kizingiti, mkono wa Benitha uliinuka wenyewe, ukapinda, vidole vikakunjana. Alipotoka, ukashuka. Ndugu wa Byiringiro ni watu wa heshima, lakini kijana wao alikuwa ameaibishwa mbele ya kamera. Walisema watangoja hadi mwezi uishe. Binti asipotolewa, kijana atatafutiwa mwingine.

Benitha aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia. Sikumwona akilia. Hakutaja tena keki wala maua. Alimtaka Byiringiro tu, na kwa mara ya kwanza tangu kamera zije nilimhurumia.

Jumatano Nasif alikuja peke yake, na begi la kompyuta mgongoni. Alisema kila mtu anayeonekana sura kwenye kipindi lazima asaini fomu ya ruhusa, la sivyo hakirushwi. Wote walikuwa wamesaini, hata Byiringiro.

"Mama, kunabaki mtu moja tu," alisema. "Huyu kaka ya bibi harusi."

"Benitha hana kaka."

"Lakini iko hapa, mama. Ona."

Akafungua kompyuta. Nilimtambua kabla picha haijatulia. Koti la kahawia, kola imechanika, mkono wa Benitha umebanwa kati ya kiwiko chake na mbavu. Alikuwa na umri ule ule. Mimi nimeota mvi, yeye hana hata moja, na ndiyo maana Nasif alimdhania kaka. Hakumtazama mchungaji. Hakumtazama Byiringiro. Hakutazama kamera. Alikuwa akitazama benchi la pili upande wa wanawake, nilikokaa mimi.

Sasa niseme, maana nimewasema wengine vya kutosha. Kabanda sikumwona akifa. Nilimwacha ameegemea jiwe, mguu umejaa, ananiita kwa jina. Nilikuwa na mtoto mgongoni, na waliotufukuza hawakuwa mbali. Nilipowafikia wenzetu nikasema amekufa, kwa sababu ningesema yuko hai wangeniuliza mbona niko peke yangu. Miaka kumi na minane nimepokea pole za watu, nimelia mbele yao na kufuta machozi kwa kitenge, halafu nakaa namcheka Jamirah kwa kulia mbele ya kamera.

Nilimwomba Nasif aniachie fomu ile. Hakuuliza kwa nini. Alikuwa ameiangalia picha tena, na safari hii aliiangalia vizuri. Alifunga begi lake haraka akaondoka.

Saa sita mchana niliiweka fomu mezani, na kalamu juu yake. Chini ya maandishi ya televisheni niliandika kwa mkono wangu: Kabanda, unamutoa Benitha? Kisha tukatoka, mimi na Benitha, tukakaa kwenye mkeka nje ya mlango. Nyumba yetu ina mlango mmoja. Jua lilikuwa utosini. Jirani alikuwa akitwanga. Hakuna aliyeingia.

Tulikaa muda wa kuiva chungu cha maharagwe. Ghafla Benitha akashtuka, akautazama mkono wake. Akakunja vidole, akavikunjua. Akaukung'uta mkono wote mpaka begani.

"Tante, ameniacha," alisema polepole. "Nasikia mwepesi."

Alitabasamu. Alisema anakwenda kwa Byiringiro sasa hivi, miguu pekupeku, hahitaji gauni. Nilimwambia atangulie kusoma jibu, kwa kuwa mimi niliogopa kuingia. Akaingia. Nikangoja aniite, hakuniita. Nikaingia na mimi.

Alikuwa amesimama mbele ya meza. Mwandiko ulikuwa wa Kabanda, ule wa mwalimu wa shule ya msingi, herufi zote zimelala upande mmoja.

Ninamutoa namna gani? Njo nimetoka kumupata.

Ndiyo kwanza amempata, anasema. Benitha alisoma mara ya pili, midomo ikitembea. Mkono wake ukaanza kuinuka. Uliinuka polepole, ukapinda kwenye kiwiko, vidole vikakunjana. Hakuukataza. Alivuta kigoda kimoja akakaa, kisha kwa mkono uliobaki akavuta cha pili, akakiweka karibu yake.

Byiringiro alioa mwezi wa kumi na mbili, binti wa watu wengine. Benitha yuko hapa nyumbani. Jamirah alipata bibi harusi mwingine wiki ile ile, na Rubondo nzima ilikwenda kumtazama.

Fomu ninayo, nimeifungia sandukuni. Chini kabisa ina nafasi ya shahidi, jina na sahihi. Sikuiona siku ile. Nafasi ya jina imejazwa, kwa mwandiko ule ule; ya sahihi iko wazi. Jina ni langu. Benitha ameniuliza mara moja tu, mimi ni shahidi wa nini. Nilimjibu kwamba sijui. Ninyi nimewaambia; yeye bado. Na tangu siku niliyomjibu hivyo, kila nikifungua sanduku naikuta kalamu imelazwa juu ya fomu, mahali pa sahihi, na kalamu mimi huiweka jikoni.