Kompyuta ya Babu Iliyohema

Kila siku akitoka shule, Kijiko alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akajichemshia chai. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu chai yake haikukosa vijiko vinne vya sukari, na cha tano kiliibwa Mama akigeuka. Kisha aliketi na madaftari yake kwenye meza ya Mama. Mama alikuwa mpiga chapa, na kutwa nzima aliandika barua za watu kwa kompyuta mpakato ya marehemu Babu.

Ilikuwa kompyuta ya zamani, ya watu wa ofisini: nyeusi tii, nene kama kamusi, yenye bawaba za chuma na komeo lililolia tak! ukiifunga. Katikati ya vitufe, pale zinapokutana G, H na B, kilisimama kipele chekundu cha mpira cha kusukumia kishale. Juu ya kioo palikuwa na taa ndogo kama punje ya mchele, ya kumulikia vitufe. Babu alikuwa mpima ardhi, akaibeba porini miaka kumi na miwili. Wageni wakija, aliizima, akaimwagia kikombe cha maji juu ya vitufe, nayo maji yakatokea vitundu viwili vya chini.

"Mnaona?" alijigamba. "Inakunywa na kukojoa kama nyinyi!"

Basi Jumatatu moja Mama alitoka kuanua nguo. Kiwiko cha Kijiko kikagonga kikombe, chai yote ikaingia kwenye vitufe. Akakumbuka vile vitundu, akaiinua kompyuta, na kweli, chai ikatiririka chini. Akafuta meza, akafuta sakafu, akasuuza kitambaa.

"Mbona umetulia hivyo leo?" Mama aliuliza aliporudi.

"Nasoma, Mama."

Siku mbili zikapita salama. Alhamisi mchana mvua ikafunga, chumba kikawa giza. Mama akawasha ile taa ndogo, mwanga ukaangukia mikono yake tu. Mara akaiondoa mikono ile kama aliyeungua.

"Kijiko, umegusa kitu?"

"Sijagusa, Mama. Mikono yangu hii hapa."

Kishale kilikuwa kinatembea peke yake. Kilijivuta taratibu kuelekea pembeni mwa kioo, kama mtu anayenyatia mlango. Kikafika, kikatulia. Kisha, bila kidole cha mtu, herufi zikaanza kujiandika: hhhhhh. Zikakatika. Zikaanza tena: hhhhhh. Na ndani ya kompyuta kulisikika mkwaruzo mwepesi, kama kucha juu ya karatasi.

Mama alishika kifua. Babu alipokuwa mahututi, Mama alipigiwa simu, akasikia pumzi tu upande wa pili. Alisafiri saa ileile, lakini daraja lilikuwa limekatika. Alipofika, walikuwa wameshamzika.

"Ndivyo alivyohema," alinong'ona. "Hivyo hivyo."

Kijiko akainamia daftari lake.

Kesho yake aliporudi kutoka shule, alisikia sauti ya Mama kabla hajavua viatu. Akachungulia. Mama alikuwa peke yake, ameinamia kioo.

"Nisamehe, Baba. Sikukutupa. Ni daraja. Nilikesha ng'ambo ya mto nalia."

Kioo kikamjibu: hhhhhh.

Nywele zilimsimama Kijiko. Kwa kitambo naye aliamini kwamba Babu yumo humo, na anajua nani alimwaga chai. Akatamani kukimbia.

Mama akamwona. Alijifuta macho haraka. "Kesho nampa mtu wa vyuma chakavu aichukue. Siwezi kukaa meza moja na hasira za baba yangu."

Kompyuta hiyo ndiyo kitu pekee cha Babu kilichobaki nyumbani.

"Mama," Kijiko alisema, "si Babu. Ni chai."

"Chai gani?"

"Yangu. Niliimwaga Jumatatu, nikakuficha. Nilidhani imetoka yote, maana Babu alisema inakunywa..."

Mama aliifunga kompyuta, akaitia kwapani. "Twende kwa fundi," alisema.

Fundi wa kompyuta aliifahamu mashine ile kabla haijawekwa mezani. "Mzee huyu bado yupo! Za siku hizi zimegandishwa gundi kama bahasha. Hii mtu unaifungua kwa heshima." Akasukuma kishikizo cha chini, betri ikatoka. Akalegeza skrubu nne, akaiinua kibodi nzima kama sinia.

Chini yake sukari ilikuwa imeganda, ya rangi ya kahawia, na sisimizi wadogo walipita juu yake kwa safu, wakitoka na kuingia chini ya H.

"Mkwaruzo wenu ndio huu. H imenata, inajiandika yenyewe, na kipele kimenasa, kinasukuma kishale. Chai ilikuwa na vijiko vingapi?"

"Vinne," Kijiko alisema. Akamtazama Mama. "Vitano."

"Basi hiyo si chai, ni jamu!"

Alisugua kwa brashi na spiriti, akakausha, akavisha kipele kofia mpya nyekundu. Mama akaiwasha. Akabonyeza h mara moja, akasubiri. Ikabaki moja. Kishale hakikutikisika.

"Kumbe hakunikasirikia," alisema, machozi yakamtoka.

Wakiwa njiani, Mama alimshika Kijiko mkono. "Mwanangu, chai humwagika. Babu yako alimwaga maji, akaizima kwanza, tena bila sukari. Ungeniambia Jumatatu, ningeichomoa betri papo hapo tukaja kwa fundi. Ulinyamaza, nami siku mbili nikamwomba marehemu radhi kwa kosa ambalo si lake wala langu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu uliposema vitano."

Tangu siku hiyo Kijiko hunywa chai yake jikoni, amesimama. Akimaliza, huja mezani mikono mitupu, na kazi ya Mama ikiisha, yeye ndiye huifunga kompyuta ya Babu: tak!