Fremu ya Ngozi

Kila siku akitoka shule, Chiriku alitupa mkoba wake nyuma ya kaunta ya studio, akashika ufagio. Alifagia vumbi lililoachwa na wateja, akafuta kiti cha kuzunguka, akanyoosha pazia la bluu ambalo watu walipigiwa picha mbele yake. Yote hayo aliyafanya huku akizungumza bila kituo. Ndiyo maana shangazi yake, mwenye studio, alimbandika jina la ndege huyo mwenye kelele. Alisema Chiriku akikosa mtu wa kuzungumza naye, atauamkia hata ukuta.

Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa ya kamba. Baada ya kila sherehe, Shangazi alichapisha picha za watu wa mtaa, na Chiriku akazitundika kwa vibanio nje ya studio, kama nguo zilizofuliwa. Watu walikuja kujitafuta na kuchekana. "Jamani, huyu ni mimi au ni gunia la mkaa?" aliuliza muuza mboga siku moja, na waliokuwepo wakashika mbavu. Hata hivyo aliibeba picha yake kwa furaha.

Chiriku alikuwa amefundishwa kutumia kamera ya zamani ya Shangazi. Taa yake ilikuwa na kitufe kidogo kwa nyuma. Ukikibonyeza, taa inamulika, lakini kamera haipigi kitu. Wakati mmoja alikitumia kuwatuliza watoto waliomzonga wakidai kupigwa picha. Waliona mwanga, wakaenda zao wakishangilia. Shangazi alimwona, wala hakucheka.

"Kitufe hicho ni cha kujaribia taa, si cha kuchezea watu," alisema. "Ukimwambia mtu umempiga picha, uwe umempiga kweli."

"Nimesikia, Shangazi."

Kusikia alisikia. Kushika ndiko kulikokuwa na kazi.

Ikafika siku ya sherehe ya mtaa. Shangazi alikuwa ndani ya ukumbi na kamera kubwa. Chiriku alipewa ile ya zamani, akasimama uani mbele ya ukuta uliotundikwa shuka jeupe, na watu wakapanga foleni, wazee wakisubiri kwenye benchi lililokuwa kando ya shuka. Familia ziliingia na kutoka, watoto wakakunja nyuso kwa jua. Alasiri kamera ilionyesha kwamba kadi ya kuhifadhia picha ilikuwa karibu kujaa. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya picha chache tu, na kikundi cha ngoma cha shule yake, chenye rafiki zake wote, kilikuwa kinajipanga kuingia uwanjani.

Wakati huohuo zamu ya Babu Fundi na mkewe ikawadia. Babu Fundi alikuwa mshona viatu wa pale kona ya barabara. Hakuna aliyewahi kumwona bila aproni yake yenye madoa ya rangi, lakini siku hiyo alivaa koti jeusi lililopigwa pasi.

"Shikamoo, Babu. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu Babu Fundi. "Leo utupige vizuri. Wote wanaocheza humu, viatu vyao vimepita mikononi mwangu. Lakini mimi na bibi yako, tangu tuoane hatujawahi kupiga picha pamoja. Ngoja kwanza nifunge kifungo."

Kifungo kilikuwa kigumu. Vidole vya Babu, vilivyozoea sindano nene, vilihangaika nacho. Ngoma ikaanza kulia. Chiriku akatazama uwanjani, akatazama kamera, halafu akabonyeza kile kitufe cha nyuma. Taa ikamulika.

"Tayari, Babu! Mmependeza!"

"Mara hii?" Babu Fundi alishangaa, kidole kikiwa bado kwenye kifungo. "Haya, asante sana, mjukuu wangu."

Chiriku alikuwa ameshakimbilia uwanjani.

Picha za rafiki zake zilitoka vizuri mno. Zilipotundikwa, Babu Fundi naye alifunga sanduku lake la kazi akaja kutazama. Alitembea toka mwanzo wa kamba hadi mwisho, miwani yake iliyofungwa uzi ikiwa karibu kugusa picha.

"Yetu siioni."

"Bado, Babu. Nyingine zinakuja."

"Au sura yangu imevunja mashine?" Babu Fundi alicheka peke yake. "Basi usisahau. Nimeshaitengenezea fremu. Ngozi safi kabisa, nimeishona kwa mkono. Inasubiri picha tu."

Alirudi tena, na tena. Kila mara Chiriku alimpa jibu lilelile, na kila mara lilikuwa zito zaidi mdomoni. Alijiambia kwamba kesho atamwomba aje na Bibi, wapige upya, na atasingizia kwamba picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Kesho ikazaa kesho nyingine. Kisha asubuhi moja sanduku la pale kona halikufunguliwa. Babu Fundi alikuwa amebanwa na kifua, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Baada ya mazishi, mkewe alikuja studio. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akatoa fremu kwenye mfuko wake. Ilikuwa ya ngozi ya kahawia, na mshono wake ulizunguka kingo zote nne bila kupinda.

"Nimekuja kuchukua picha yetu, mwanangu," alimwambia Shangazi. "Marehemu aliifuatilia hadi mwisho. Nyumbani sina sura yake. Ile ya kitambulisho imefutika, haionyeshi hata pua."

Shangazi alitafuta kwenye kompyuta. Akarudia. "Chiriku, uliwapiga Babu na Bibi?"

"Niliwapiga," alisema Chiriku. "Labda kadi iliharibika."

Shangazi alipiga magoti mbele ya yule mama. "Nisamehe, mama. Kosa ni langu. Kadi ilikuwa ya zamani, nilipaswa kuibadilisha."

"Inuka, mwanangu. Mashine nazo huchoka, kama sisi." Bibi aliifuta fremu kwa upindo wa nguo yake, akairudisha mfukoni ikiwa tupu, akatoka.

Chiriku alimtazama akivuka barabara polepole. Angekemewa, angevumilia. Lakini Shangazi alipiga magoti kwa kosa lisilo lake, na Bibi aliisamehe kadi isiyo na hatia. Hilo hakuliweza. Alitoka mbio.

"Bibi! Kadi haikuharibika. Sikuwapiga. Nilimulika taa tu, nikawadanganya. Nilitaka nafasi ya kuwapiga rafiki zangu."

Bibi alisimama. Kisha akaketi palepale kwenye ngazi ya duka, akaukumbatia mfuko wake.

"Na yeye alikuwa anahangaika na kifungo," alisema, na machozi yakamtoka. Chiriku alilia pamoja naye. Shangazi, aliyekuwa amewafuata, alisikia yote.

Jioni hiyo Shangazi alimketisha Chiriku mbele ya kompyuta. "Tutazikagua zote, moja baada ya nyingine. Hutainuka mpaka tumalize."

Walitazama pembe za kila picha. Karibu na mwisho, katika picha ya mama na mtoto wake mchanga, Chiriku aliliona koti jeusi. Nyuma, pembeni, Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri zamu, na mbele yake Babu Fundi amepiga goti, anamfunga mkanda wa kiatu. Uso wake haukuonekana. Ulionekana mgongo, kisogo chenye mvi, na mikono miwili.

Shangazi aliikuza picha hiyo, akaichapisha, wakaipeleka. Bibi aliishika kwa muda mrefu karibu na dirisha.

"Uso haupo, Bibi," Chiriku alinong'ona. "Nisamehe."

"Ndiyo, haupo. Nao nitautamani mpaka nife, sikudanganyi." Bibi alipitisha kidole juu ya picha. "Lakini mgongo huu naujua. Maisha yake yote ameuinamisha juu ya viatu vya watu. Hapa ameuinamisha juu ya changu."

Aliiingiza picha kwenye fremu. Ilienea sawasawa. Kisha akamvuta Chiriku, akampangusa machozi kwa kiganja.

Njiani kurudi, Chiriku alimnyooshea Shangazi ile kamera ya zamani. "Ichukue. Sistahili kuishika."

"Utaishika," alisema Shangazi. "Kuiacha ni kukimbia. Sikiliza, mwanangu. Mtu akisimama mbele yako, amekuwekea sura yake amana. Huwezi kujua kama atasimama tena. Leo umesema kweli, na ndiyo maana tumepata mgongo. Ungeisema Babu angali hai, tungepata uso."

Chiriku aliivaa kamera shingoni, na kwa mara ya kwanza walifika studio bila yeye kusema neno.