Aliyemshikia Kavutha Zamu

Vipimo vya saa kumi alfajiri vilikuwa vimeshaandikwa. Kavutha aliikodolea macho ile karatasi, akaigeuza nyuma na mbele. Presha, joto, mapigo ya moyo, vitanda vyote sita, na mwandiko ulikuwa wake, hata ile saba yake yenye mkia. Tatizo ni kwamba saa kumi Kavutha alikuwa amelala fofofo kwenye kiti cha plastiki, mdomo wazi, kama mtu asiye na mgonjwa hata mmoja duniani.

Tumtetee kidogo kabla hatujamlaumu. Ulikuwa usiku wake wa kumi na moja mfululizo. Nesi mwenzake mmoja alikuwa amejifungua, mwingine amekimbilia Uingereza kutunza wazee wa watu, na mkubwa wao alikuwa na jibu moja kwa kila lalamiko: vumilia, mama. Akitoka wodini, orofa ya nne ya hospitali moja ya katikati ya mji, alifika nyumbani kwake Uthiru na kukuta bintiye Mukai, mwenye miaka mitano, ameshaenda shule. Jioni walionana nusu saa, kisha huyo, amerudi kazini. Juzi mtoto alikuwa amemwita Wamucii, yaya wake, "mama". Jambo hilo lilimchoma Kavutha kuliko sindano yoyote aliyowahi kumdunga mtu.

Ndiyo maana usiku ule, kabla usingizi haujamchukua, wodi ikiwa kimya, alikitazama kiti kitupu kilichokuwa mbele yake akasema kwa sauti, "Mtu anishikie tu. Anishikie kila kitu, nimechoka." Manesi huambiana "nishikie" kutwa kucha, mmoja akienda kunywa chai, mwingine akienda msalani. Ila humwambia mtu, si kiti kitupu.

"Sista," mzee Mutinda wa kitanda cha tatu alimwita kwa sauti ya chini. "Asante kwa kunigeuza. Lakini mikono yako ilikuwa baridi sana. Na hiyo mafuta umejipaka leo inanuka moshi."

"Sijajipaka mafuta, mzee."

Mutinda alimtazama kidogo, kisha akavuta blanketi hadi kidevuni.

Usiku uliofuata Kavutha alilala tena, na nitasema ukweli, safari hii alijilaza kwa kusudi. Aliamka akakuta dawa zimetolewa, shuka zimebadilishwa, karatasi zimejazwa. Alijua si jambo la kawaida, lakini mwili ulishukuru, na mwili uliochoka hauulizi maswali mengi.

Usiku wa tatu aliamshwa na gurudumu la toroli ya dawa, lile linalolia. Alifungua macho lakini shingo haikutaka kugeuka, na harufu ya moshi mtamu, kama udi uliochomwa kwenye chumba kisicho na dirisha, ikamjaa puani, na pale kwenye kitanda cha tatu akaona mgongo wa nesi aliyevaa sweta ya Kavutha, ile yenye kiwiko kilichotoboka, ameinama akiandika, mkono ukienda mbio bila kusita, huku kichwa, ambacho kilipaswa kuitazama karatasi, kimegeuka kabisa kumtazama yeye, nao uso ulikuwa wake, umepumzika vizuri, unatabasamu.

Asubuhi ile ya Jumamosi alifika nyumbani. Mukai alimrukia.

"Mama, ile wimbo uliniimbia usiku, niimbie tena!"

"Nilikuwa kazini, Mukai."

Wamucii aliacha kuosha vikombe. Alimsogelea, akanong'ona. "Mama Mukai, si ulikuja saa kumi? Nilikusikia ukifungua mlango. Nikajua wamekuachilia mapema."

Kavutha alimkumbatia mtoto kwa nguvu. Nywele za Mukai zilinuka udi. Hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa, kwa sababu wodi ni kazi tu, lakini huyu alikuwa mtoto wake, wa pekee.

Alimpigia Laila, nesi wa zamu ya mchana, mzaliwa wa Lamu, akamweleza yote. Laila hakucheka. Alimpeleka kwa mjomba wake, Idarus, mwalimu wa chuo cha Kurani juu ya duka la vitambaa huko mjini.

"Mimi ni mtu wa kanisa, mzee," Kavutha alisema akiwa bado mlangoni.

"Naye aliyekushikia zamu hakukuuliza dini yako, binti yangu. Kaa." Idarus alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja. "Ninyi manesi mkimaliza zamu, mwaondoka tu?"

"Hapana. Lazima tukabidhiane. Unasoma ripoti kitanda kwa kitanda, mwenzako anapokea."

"Basi. Jini wa kuvamia ningekusomea, akaondoka. Huyu umemwita, ukamwachia kila kitu, hujapokea tena. Nenda ukapokee. Kila alichokishika kitaje kwa jina. Utakachosahau ni chake."

Usiku huo, saa kumi, Kavutha aliketi mbele ya kile kiti na karatasi zake. Udi ulinuka kabla hajafungua kinywa.

"Kitanda cha kwanza," alisema. "Muasya."

"Ametulia," sauti yake mwenyewe ilijibu kutoka kitini. "Hana homa."

"Nimepokea."

Walikwenda hivyo, cha pili, cha tatu, hadi cha sita. Alipokea funguo za kabati la dawa. Alipokea toroli. Alipokea nyumba ya Uthiru na Wamucii aliyemo. Kisha akashika meza kwa mikono miwili.

"Mukai. Binti yangu."



"Amelala," sauti ilisema hatimaye, kwa upole. "Usipomshika mkono huota vibaya. Ulikuwa unajua?"

Hakuwa anajua. Machozi yalimtoka. "Nimepokea!"

"Kuna lingine?"

Ndilo swali ambalo kila nesi huuliza mwisho wa ripoti. Kavutha aliwaza haraka, akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Hakuna," alisema, akatia sahihi. Harufu ikakatika papo hapo.

Siku nne baadaye alipewa mapumziko. Mchana kweupe, jua likiwaka dirishani, alijilaza kitandani na Mukai akiwa amemshika mkono. Alicheka mwenyewe kwa furaha, akafumba macho.

Alipoyafumbua alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, orofa ya nne.

Laila alipita na toroli, hakumsalimu. Kavutha aliita, sauti haikutoka. Laila alisimama hatua mbili kutoka kwake, akatoa simu, akapiga.

"Mwenzangu, umepumzika?"

"Nimepumzika sana," sauti ya Kavutha ilijibu ndani ya simu. "Mukai ananisuka nywele."

Nyuma ya sauti hiyo mtoto alicheka. "Mama, tulia!"

Alikuwa ametaja vitanda, funguo, nyumba, yaya na mtoto. Jina lake mwenyewe, Kavutha, hakulitaja. Ripoti ya zamu haina mahali pa jina la nesi aliyechoka, na katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alitazama mikono yake mapajani. Ilikuwa baridi.

"Sista?" mzee Mutinda aliita kutoka kitanda cha tatu, na miguu ya Kavutha ikainuka yenyewe.