Chupa ya Bertilla Kwenye Misa ya Mbegu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, Bertilla wa darasa la sita alikimbilia chumba cha sayansi cha shule yao, karibu na Kaengesa, kuchungulia chupa. Ndani ya kila chupa, juu ya rojo la virutubisho, ulisimama mche mdogo wa karanga chotara. Mwalimu wao, Sista Epifania, aliikuza miche hiyo kutoka kwenye ncha za machipukizi, mahali ambapo virusi vya kudumaza vilikuwa havijafika. Mwaka jana virusi hivyo vilimaliza karanga za mama yake Bertilla, hata mbegu hakubakiza. Basi chupa yenye jina la Bertilla ndiyo iliyotegemewa nyumbani, naye furaha ilimjaa mpaka usingizi ukawa wa shida.

Ijumaa, Sista aliwaruhusu wanafunzi wakawaonyeshe wazazi chupa zao kwa sharti moja: mfuniko usifunguliwe, maana hewa ina vijidudu.

Jumapili ikawa misa ya kubariki mbegu. Watu walipanga vikapu vya mahindi na ulezi mbele ya altare, na Bertilla akaweka chupa yake katikati. Padri alipokaribia na maji ya baraka, Bertilla aliona mche wake utakosa hata tone. Akafungua mfuniko kidogo, akafunga upesi. Alirudi nyumbani akirukaruka.

Jumatano, chupa zikiwa zimerudishwa shuleni, ukungu mweupe ulikuwa umetanda ndani ya chupa ya Bertilla. Siku hiyohiyo Sista angekata miche yote vipande na kuvikuza pamoja katika chupa kubwa. Abeli, rafiki yake, alimnong'oneza aigeuze chupa, upande wenye ukungu uelekee ukutani, Sista asiuone. Bertilla alitamani kumsikiliza. Akisema, mche wa mama unatupwa. Akinyamaza, ukungu utakula miche ya wote.

"Shikamoo Sista," alisema. "Wangu usiukate. Niliufungulia kanisani ili maji ya baraka yaingie."

Sista aliitoa chupa ile nje, akaosha mikono, kazi ikaendelea. Kila mche ukatoa vipande vinne, na wanafunzi wakapiga makofi. Abeli, kwa aibu, akaomba kipande chake kimoja kiwe cha Bertilla.

Sista akamshika Bertilla bega, akitabasamu.

"Ukweli wako umeokoa miche ya wenzako, binti yangu. Siku nyingine usihangaike na mfuniko. Baraka hupenya chupa. Ukungu ndio unaosubiri ufunguliwe."